Unachokipenda au Kinachozunguka: Uchague Kipi Ukianzisha Biashara Dodoma?

Kijana alikuja ofisini kwangu Majengo Jumatatu moja ya Julai, siku za upepo ule wa Dodoma unaobamiza milango. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Mkataba wake kwenye ujenzi wa Mji wa Serikali kule Mtumba ulikuwa umekwisha mwezi Mei, na alikuwa amebaki na shilingi milioni 6. Akaweka madaftari mawili mezani.

La kwanza lilikuwa la zabibu. Kurasa karibu arobaini. Alikuwa amechora chupa, akapaka rangi lebo, akaandika majina sita na kuyakata matano. Katikati ya daftari alikuwa amebandika jani kavu la mzabibu kutoka shamba la babu yake, Mpunguzi. La pili lilikuwa la alizeti, ukurasa mmoja na nusu: kununua magunia msimu wa mavuno, kukamulisha kwenye mashine ya mtu, kuuza mafuta kwa lita na kwa dumu mitaa ya Nkuhungu na Chang'ombe. Hakuna mchoro hata mmoja. Hesabu tu, na zilikuwa hesabu nzuri.

"Mama, nifuate moyo au nifuate mzunguko?"

Kazi yangu ni kutunza hesabu za biashara ndogo, huu mwaka wa kumi na nne, na swali hilo huletwa mezani kwangu mara nyingi. Kwenye semina vijana wanapewa majibu mafupi mno. Huyu anaambiwa afanye anachokipenda, pesa itamfuata. Yule anaambiwa apambane tu, hakuna kisichowezekana. Nimewafungia hesabu za mwisho watu waliofuata kauli zote mbili, na ninaowazungumzia si wavivu wala wajinga. Kilichowatofautisha na waliosimama, kwa jinsi nilivyokiona kwenye vitabu, ni jambo moja ambalo semina hazilitaji: pesa uliyoitoa leo itarudi baada ya muda gani.

Pesa inarudi lini?

Tuanze na mzabibu. Ukipanda leo, matunda ya maana utayaona baada ya mwaka mmoja na nusu hadi miwili. Kuanzia hapo Dodoma inakupa neema ambayo nchi nyingi za zabibu hazina, mavuno mara mbili kwa mwaka, na shina likitunzwa linazaa miaka mingi. Lakini zabibu haisubiri. Ikishaiva una siku chache, na asiye na chumba cha baridi wala mnunuzi anaitazama ikioza. Wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Mvumi wanalijua hili kwa uchungu. Ndiyo maana siku hizi habari za mchuzi wa zabibu zimekuwa kubwa: zabibu inakamuliwa, mchuzi unahifadhiwa kwenye matangi hadi wenye viwanda vya mvinyo wauhitaji, na mkulima anaacha kubembeleza dalali shambani. Ukiingia kwenye usindikaji mwenyewe ndiyo kabisa. Chupa, vipimo, usajili wa BRELA, leseni ya jiji, alama ya ubora ya TBS. Mwaka unaweza kwisha hujauza kitu cha kuitwa mauzo.

Mtu anayetoa pesa mwaka mzima bila kuiona ikirudi anashikiliwa na nini? Bidii inataka kulishwa matokeo, na hapa matokeo hayapo. Nina mteja, dada mmoja wa Veyula anayetengeneza jemu ya zabibu. Kwa miezi kumi na moja kitabu chake kilikuwa na upande mmoja tu uliojaa, wa matumizi. Kila mwisho wa mwezi alikuja na kichupa kwenye mkoba, akakifungua kabla hata ya kukaa. "Onja hii, nimepunguza sukari." Jemu ya mwezi wa pili ilikuwa maji, inamwagika kwenye mkate. Mwezi wa nne ikawa imeungua chini. Kisha akagundua kwamba maji ya ndimu yanasaidia kuigandisha, na mwezi wa tisa nilipoichota ikasimama kwenye kijiko bila kutikisika. Tukaitazama wote wawili, kimya, kama watu wanaotazama mtoto akipiga hatua ya kwanza. Asiyeipenda kazi ile angeishia kwenye ile iliyoungua, na nisingemlaumu.

Sasa alizeti. Huku kanda ya kati inavunwa kati ya Mei na Julai, na bei ya gunia huwa chini wakati huo. Unanunua, unapeleka mashineni, mwenye mashine anakutoza kwa gunia au anabaki na mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, kama malipo yake, unatoka na mafuta. Wiki mbili tatu, pesa imerudi mkononi na unanunua tena. Biashara hii haikudai uipende. Inakudai uamke, uchome kila gunia kwa bambo uone kama katikati hakuna mchanga, ujue kwamba mbegu chotara ina mafuta mengi kuliko mbegu ya zamani iitwayo Record, uwe na dumu safi, na usimkopeshe jirani lita tano kwa sababu tu ni jirani. Bidii ya wiki hii inalipwa wiki hii, na malipo hayo ndiyo yanayokuamsha wiki ijayo.

Si kwamba ni njia salama. Mwaka 2023 bei ya alizeti iliporomoka, wakulima wa Singida na Dodoma wakalia kwamba mafuta ya kutoka nje yamejaa sokoni, na waliokuwa wamenunua mapema kwa bei ya juu wakabaki na magunia. Lakini wa alizeti alijua ndani ya miezi michache kwamba mambo yamegeuka. Wa zabibu anaweza kupotea miaka miwili kabla ya kujua.

Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kiko hivi. Pesa ikirudi ndani ya mwezi, chagua kwa mzunguko na uweke bidii. Mapenzi yakija baadaye, heri. Ikichukua zaidi ya mwaka, usiingie kama huipendi, hata kama hesabu zinavutia.

Kati ya hizo mbili, kwenye migahawa, saluni, ushonaji na programu za simu, ndiko watu wengi wanakoumia, na Dodoma ina mtego wake wa pekee: kalenda ya Bunge. Mgahawa ukifunguliwa Aprili, wakati wa Bunge la bajeti, mwenye nao anaona amefika. Meza zimejaa, anaongeza wapishi. Juni ikiisha wabunge wanaondoka, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nao huwa na likizo zao. Aliyeingia kwa mzunguko peke yake anaona mzunguko umekata na anafunga Agosti. Aliyeingia kwa mapenzi anaendelea kupika kwa wingi uleule, anamwaga chakula, hataki kukubali. Hapa nasema wazi kwamba namwonea huruma zaidi wa pili, lakini wa kwanza ndiye anayebaki na mtaji.

Unapenda nini hasa?

Watu wakisema wanaipenda biashara, mara nyingi wanapenda kipande chake kimoja. Waswahili wanasema ukipenda boga, penda na ua lake. Kwenye biashara ua ndilo linalokula siku nzima.

Kijana mmoja aliyehitimu kompyuta UDOM alitengeneza programu ya kuagiza chakula cha mchana kwa wafanyakazi wa Mtumba. Wazo lilikuwa la kweli kabisa: kule ni mbali na mji, saa ya chakula ni moja, na watu ni wengi. Programu yenyewe ilikuwa nzuri, nakumbuka kitufe chake cha kijani chenye picha ya sahani ya wali. Alikuwa akilala saa nane usiku akiirekebisha. Lakini biashara ile haikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa kumpigia mama lishe simu saa tatu asubuhi kuuliza leo kuna maharage au samaki. Kupatana na bodaboda. Kumsikiliza ofisa aliyeletewa wali umepoa na kumwomba radhi kwa sauti ya kweli. Hayo aliyaahirisha, kisha akamwajiri binamu yake ayafanye, yeye akabaki na kompyuta. Baada ya miezi mitano alikuwa na toleo la tatu la programu na wateja kumi na mmoja.

Huyu alikuwa na mapenzi. Alikuwa na bidii ya kutisha pia, saa kumi na nne kwa siku. Vyote viwili viliangukia upande ambao mteja haoni. Leo ameajiriwa kuandika programu na anafurahi, na nadhani hapo ndipo mahali pake.

Mfano wa upande wa pili ni NALA, kampuni changa iliyoanzishwa na Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes. Ilianza kama programu ya kurahisisha miamala ya pesa kwa simu humu nchini, kisha ikageukia kuwawezesha watu walioko Ulaya na Marekani kutuma fedha Afrika, na mwaka 2024 ikapata wawekezaji wa dola milioni 40. Ninavyoiona mimi, wangekuwa wamependa programu yao ya kwanza kuliko tatizo la mtu anayetaka kutuma pesa, wasingeweza kugeuka hivyo.

Kabla hujachagua, chukua karatasi uandike kazi zote za wiki moja ya biashara hiyo, hata kuosha madumu. Weka alama kwenye zile ambazo utazikimbia. Kama unazozikimbia ni za jikoni au za stoo, utaajiri mtu. Kama ni zile ambazo mteja anatoa pesa mbele yako, tafuta mwenza anayezipenda, mgawane hisa kwa maandishi tangu siku ya kwanza, au achana na biashara hiyo.

Chema hakijiuzi

Wapenda kazi wana imani moja inayowagharimu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Jemu ya yule dada ilikuwa njema mwezi wa tisa. Haikujiuza. Aliipeleka SIDO, shirika la viwanda vidogo, wamwongoze, kwa kuwa TBS, shirika la viwango, ina utaratibu wa kuwahudumia wajasiriamali wadogo wanaopitia huko. Akasubiri, kisha akazunguka madukani na kijiko na mkate uliokatwa vipande vidogo. Duka la ishirini na tatu ndilo lililochukua katoni ya kwanza. Ishirini na mbili kabla yake yalisema "tuachie namba." Katika jambo hili wapambanaji wanawashinda wapenda kazi mbali sana, maana mpambanaji hakasiriki akiambiwa hapana. Bidhaa si mtoto wake.

Bidii dhidi ya udongo

Wanaoamini kwamba bidii haishindwi nawashauri wapande basi mpaka Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale mradi mkubwa wa karanga, kwa sababu baada ya vita nchi yao ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia. Hawakukosa mtaji wala hawakukosa bidii. Waliingiza matrekta kwa mamia, hata vifaru vya vita wakavigeuza kuwa mashine za kufyeka, wakapambana na mibuyu na vichaka usiku na mchana. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na kiangazi kikikaza unakuwa kama saruji. Karanga zimo chini, hazichimbiki. Mvua nazo hazikuja kama zilivyoandikwa kwenye mpango. Mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa, umekula zaidi ya pauni milioni 30.

Wagogo waliokuwa wakilima mtama na uwele kwenye udongo huohuo, kwa mvua hiyohiyo, walikuwa wanajua. Hawakuulizwa. Leo Kongwa kuna ranchi ya ng'ombe, na Kibaigwa, wilaya hiyohiyo, kuna soko la nafaka linalojaza malori, kwa sababu watu wamefuata kile ambacho mahali penyewe panakubali.

Nautaja mradi huu kwa wateja wangu mara nyingi kuliko mfano wowote wa tajiri aliyefanikiwa. Bidii inazidisha kile ulichokichagua. Ukichagua vizuri inazidisha faida, na ukikosea inazidisha hasara kwa kasi ileile. Mapenzi nayo hayatofautiani hapo; kupenda karanga kusingeulainisha udongo ule. Kabla ya vyote viwili kuna kuuliza. Nenda Majengo sokoni saa kumi na mbili asubuhi, simama na wauza mafuta wiki nzima, uliza nani ananunua nini na kwa nini ameacha cha jana. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inafika hapa kutoka Dar es Salaam kwa saa tatu au nne hivi, kwa hiyo uliza pia kama mteja wako wa Dodoma bado ananunua Dodoma. Wauza nguo kadhaa ninaowatunzia hesabu hawakuuliza.

Siku ya kuanguka

Hapa nazungumza kwa yaliyonikuta. Kabla ya hesabu nilishona sare za shule miaka sita. Sikuwa nikiipenda kazi ile, ila mzunguko ulikuwepo, na bidii nilikuwa nayo. Ilinijengea vyumba viwili na kusomesha wadogo zangu, na siikani. Kisha shule moja niliyoishonea sare zaidi ya mia tatu ilikaa miezi minane bila kunilipa. Vitambaa nilikuwa nimechukua kwa mkopo. Siku pesa ilipolipwa, nusu yake ilikuwa ya madeni, na nusu iliyobaki ilitosha kabisa kuanza upya. Nilikaa mbele ya cherehani asubuhi ile nikakuta sina nguvu ya kuikanyaga. Sikuwa mgonjwa. Hakukuwa na kitu ndani kinachonivuta kurudi.

Ila nilikumbuka kwamba katika miaka yote sita, saa niliyokuwa nikiingojea ni ile ya jioni ya kufunga daftari, kuona upande huu na upande huu vinalingana. Nikasomea uhasibu jioni. Katika kazi hii nimeshapoteza wateja wakubwa na nimewahi kuibiwa kompyuta yenye hesabu za watu kumi, na kesho yake nilikuwa nimekaa naanza kuandika upya kutoka kwenye risiti. Hapo ndipo mapenzi yanapoizidi bidii bila ubishi: asubuhi ya baada ya kuanguka. Kwa siku nyingine zote nachukua bidii.

Pesa ya nani?

Kuna jambo ambalo linaweza kukuamulia kila kitu. Kama mtaji ni mkopo wa rejesho la kila siku, ile inayoitwa kausha damu, usiupeleke kwenye unachokipenda kinachochukua mwaka kurudi. Mapenzi hayalipi rejesho la saa kumi jioni, na nimeona jiko, godoro na friji vikibebwa. Hata kwenye alizeti siushauri. Biashara ndefu ina pesa zake: akiba yako, VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, vya watu mnaofahamiana, au ule mkopo wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, ambao hauna riba. Kama una watoto wanaokutegemea kwa ada ya Januari, anza na kinachozunguka. Sitaki mtu aone aibu kwa hilo.

Nikarudi kwa kijana wangu. Nikafunua daftari la zabibu taratibu, ukurasa kwa ukurasa, mbele yake.

"Mwanangu, ukurasa wa mnunuzi uko wapi?"

Akalichukua, akalipekua mwenyewe mpaka mwisho. Haukuwepo. Ukurasa mmoja na nusu wa alizeti ulikuwa na majina ya wanunuzi tisa, wawili na namba za simu.

Sikumwambia aache zabibu. Nilimwambia kwamba sijui bado kama anapenda zabibu au anapenda kuchora chupa, na kwamba yeye pia hajui. Ilikuwa Julai, alizeti ilikuwa sokoni, kwa hiyo achukue milioni 3 aingie nazo kwenye mafuta, nyingine aziache benki zisiguswe. Na zabibu ikiiva, Jumamosi zote aende Mpunguzi kwa babu yake, asiende kutazama, aende kuvuna, kuchambua zilizooza na kupanga kreti, kisha asimame na babu wakati wanabishana bei na mnunuzi. Jumamosi nne. Halafu arudi na daftari.

Alinipigia simu mwishoni mwa Agosti, usiku, nikiwa nafunga ofisi.

"Mama, nimeumwa na nyuki mara tatu, na mikono inanata mpaka sasa."

"Pole mwanangu. Na yule mnunuzi?"

"Alitaka kushusha bei, nikamwambia kesho kuna mwingine anakuja. Nilikuwa nimeshaongea na wawili. Mama, Jumamosi wanaanza kukamua mchuzi, wamesema nije. Naomba tufunge hesabu ya madumu Ijumaa ili niwahi gari la asubuhi."